Wahindi na Mpira wa Meza: Funzo kwa Mwalimu Mtarajiwa wa Mtwara

Mwanachuo wa Mtwara anaijua India bila kupanda ndege. Bajaji iliyokutoa Chikongola ikakuleta chuoni imetoka kule. Pikipiki nyingi za boda zimetoka kule, dawa tunazonunua famasi, na zile filamu za kutafsiriwa tulizokua nazo kwenye mabanda ya video. Hata korosho zetu, msimu ukifunguliwa, mzigo mkubwa unapakiwa ghafi na kwenda kubanguliwa huko huko. Lakini muulize mtu michezo ya India. Atakwambia kriketi, halafu atanyamaza.

Mimi nataka tuzungumze habari ya mpira wa meza, ambao wengine wanauita tenisi ya meza. Nina sababu mbili na zote ni za hapa hapa. Moja ni ya kikazi. Ninasoma ualimu, nina miaka 22, na mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha, yaani BTP, kwenye shule moja ya kata upande wa Ghuba ya Mnazi. Walionitangulia walishaniambia na nikakuta ni kweli: ukifika shuleni ukiwa kijana, hata kabla hujaonyeshwa pa kulala, mkuu wa shule anakwambia, "Mwalimu wangu, wewe damu bado inachemka, utatusaidia michezo." Unakabidhiwa filimbi na mpira mmoja ulionyonyoka ngozi. Basi, umeshakuwa mwalimu wa michezo.

Sababu ya pili ni hoja inayokuja kwenye bunge letu la wanafunzi. Inapendekezwa zile meza mbili za mpira wa meza zilizoko ukumbini zitolewe, nafasi iwekwe meza ya puli, kwa sababu puli inaingiza hela. Mimi naipinga hoja hiyo. Ila kabla ya kubishana, tuangalie kwanza nchi ambayo iliuchezea mchezo huu kwa karibu miaka mia bila cha maana, halafu ikaamka.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, watu wa nafasi wakicheza mezani baada ya chakula cha jioni. Mwaka 1926 likaundwa shirikisho la kimataifa, ITTF, na mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London Desemba mwaka huo huo. India ilikuwemo miongoni mwa wanachama waanzilishi, wakati bado ni koloni. Kati ya waliochezea India siku zile ni ndugu wawili wa ukoo wa Fyzee, ambao pia waliiwakilisha nchi hiyo kwenye tenisi ya kawaida. Kwa faida ya wanaodhani mchezo huu ni wa mbali na Afrika: mwaka 1939 mashindano ya dunia yalifanyika Cairo. Bara la Asia lilisubiri hadi 1952, Bombay, na huko Mjapani Hiroji Satoh akawashangaza wote kwa raketi iliyobandikwa sponji. Kabla yake raketi ilitoa sauti, ukiusikia mpira unajua umepigwaje. Ya Satoh ilikuwa kimya. Akachukua ubingwa.

Kwa hiyo India walikuwa wenyeji wa mapinduzi yale, yalitokea mbele ya macho yao. Wakafaidika nini? Kidogo sana. Japani wakaenda mbele, kisha China, na India wakabaki na mabingwa wao wa nyumbani. Kamlesh Mehta alikuwa bingwa wa taifa mara nane, ni jina kubwa sana kule, lakini nje ya India hakutisha. Mpira wa meza uliingia Michezo ya Asia mwaka 1958, na India wakapata medali yao ya kwanza mwaka 2018 kule Jakarta. Ni miaka 60! Na ukihesabu toka walipoingia ITTF, ni miaka 92. Ninazitaja tarakimu hizi kwa makusudi, kwa sababu sisi tukijaribu jambo miaka miwili lisipotoa matunda tunasema halina mpango.

Sasa kilibadilika nini?

Jina la kwanza la kushika ni Sharath Kamal, kijana wa Chennai aliyefundishwa na baba yake na baba yake mdogo. Mwaka 2006, Melbourne, akiwa na miaka 23, alishinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa kumfunga Mwaustralia William Henzell seti nne kwa tatu mbele ya watu wa nyumbani kwake Henzell. Akaenda kucheza klabu Ulaya: Uhispania, Sweden, Ujerumani. Akachukua ubingwa wa taifa mara kumi na kuivuka rekodi ya Mehta. Miaka 16 baada ya Melbourne, kule Birmingham 2022, akiwa na miaka 40, akarudia dhahabu ile ile ya mmoja mmoja. Kwenye nusu fainali ya timu alikuwa ameshamfunga Mnigeria Quadri Aruna, ambaye kwa viwango vya dunia alikuwa juu yake. Amekwenda Olimpiki tano na Paris 2024 akabeba bendera ya nchi yake. Alistaafu mwaka 2025, kwao Chennai.

Mtu atasema, huyo ana kipaji tu. Sawa, kipaji anacho. Lakini kipaji kinakula nini miaka yote hiyo? Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Sharath ameajiriwa na Indian Oil, kampuni ya mafuta ya serikali. Sathiyan Gnanasekaran, mwaka 2019 Mhindi wa kwanza kuingia 25 bora duniani, ameajiriwa na ONGC, shirika la kuchimba mafuta na gesi. Sreeja Akula wa Hyderabad ana ajira Benki Kuu ya India. Mashirika ya mafuta yana bodi yao ya michezo, inayopeleka timu kwenye mashindano ya taifa na kushindana na majimbo. Reli nao wana timu. Mchezaji anapata mshahara, matibabu na cheo, na akistaafu raketi ana ofisi ya kurudi. Mzazi wa Kihindi, ambaye kwa wasiwasi wa maisha hatofautiani na mzazi wa Kimakonde au wa Kiyao, akiona hivyo anamwachia mtoto acheze.

Msidhani hili ni geni kwetu. Filbert Bayi alikuwa askari wa JWTZ alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwenye michezo hiyo hiyo ya Jumuiya ya Madola. Jeshi lilimlisha, yeye akakimbia. Mtindo ni ule ule. India waliuendeleza hadi kwenye michezo midogo ambayo haijazi uwanja.

Ajira peke yake haitoshi, nakubali. Mwaka 2017 walianzisha ligi ya kulipwa, Ultimate Table Tennis, yenye Wahindi na wageni ndani ya timu moja, wanaume na wanawake pamoja. Binti wa Kolkata anafanya mazoezi na mchezaji wa kiwango cha Olimpiki bila kulipa nauli ya kwenda Ulaya. Walimleta pia kocha Mwitaliano, Massimo Costantini, zaidi ya mara moja. Aprili 2018, kule Gold Coast, matunda yakaonekana: dhahabu ya timu wanaume, wakiwafunga Nigeria fainali, na dhahabu ya timu wanawake, wakiwafunga Singapore.

Hapo Gold Coast ndipo dunia ilipomjua Manika Batra wa Delhi. Alikuwa na miaka 22, umri wangu huu. Aliondoka na medali nne, na kwenye nusu fainali ya mmoja mmoja alimtoa Feng Tianwei wa Singapore, mwenye medali za Olimpiki. Namna alivyomtoa inastahili tusimame kidogo, maana ni somo la fizikia ambalo unaweza kulibeba hadi darasani.

Raketi ya kawaida ina raba laini, yenye kunata. Ukiusugua mpira kwa raba hiyo kutoka chini kwenda juu, mpira unaondoka ukizunguka kwenda mbele; ukitua mezani unaruka kwa kasi na kumkimbilia mpinzani. Ukiusugua kwa chini unazunguka kurudi nyuma, mpinzani akiugusa vibaya unaingia kwenye wavu. Mchezo mzima wa kisasa ni vita ya mizunguko: nani anaitengeneza na nani anaisoma. Sasa chukua raba yenye vipele virefu vinavyolala vikiguswa, au raba ngumu inayoteleza. Fikiria gurudumu la baiskeli linalozunguka: ukiliweka kwenye lami linashika na kuondoka, ukiliweka kwenye tope linazunguka pale pale. Raba ya vipele virefu ni tope. Mpira ulioletwa unazunguka kwenda mbele haushikwi, unarudi ukiwa na mzunguko wake ule ule, ambao kwa aliyeupiga sasa ni mzunguko wa kurudi nyuma. Yaani anarudishiwa sumu yake mwenyewe. Manika ana vipele virefu upande wa nje wa mkono na raba ya kawaida upande wa kiganja, na katikati ya mchezo anaigeuza raketi mkononi. Kanuni zinataka pande mbili ziwe na rangi tofauti, ili mpinzani aone ni upande gani umegusa mpira. Kuona ni jambo moja. Kuwahi kuamua ndani ya nusu sekunde ni jambo jingine.

Kuna wataalamu wanaodharau raba hizi, wanasema ni ujanja wa mtu asiye na nguvu. Mimi naona ni akili. China wana wachezaji wengi na makocha wengi kuliko mtu yeyote. Ukitaka kuwashinda kwa kucheza kama wao, utasubiri sana. Angalia walichofanya Ayhika Mukherjee na Sutirtha Mukherjee. Majina yanafanana lakini si ndugu. Wote wawili wanatoka Naihati, mji mdogo kando ya mto Hooghly, juu ya Kolkata, na wamekuzwa na kocha mmoja, Mihir Ghosh. Mwaka 2023 kwenye Michezo ya Asia kule Hangzhou, ndani ya China yenyewe, waliwatoa robo fainali Chen Meng na Wang Yidi. Chen Meng wakati huo ndiye bingwa wa Olimpiki. Wakaondoka na shaba. Februari 2024 kule Busan, Ayhika, kwa raba yake ya kuua mzunguko, akamfunga Sun Yingsha, namba moja wa dunia, na Sreeja akamfunga Wang Yidi. India walipoteza mechi ile tatu kwa mbili, lakini China walitokwa jasho.

Naihati imenikaa kichwani. Si Delhi wala Mumbai. Ni mji ambao kama usingekuwa na kocha mmoja mwenye subira na ukumbi wenye meza, tusingekuwa na habari nao. Siliguri ni hivyo hivyo, mji wa kaskazini ya Bengal karibu na mipaka ya nchi, mbali na kila kitu, lakini umetoa mabingwa wa taifa. Mtu wa Mtwara akisikia "mbali na kila kitu, karibu na mpaka" anajua linalosemwa.

Kwa walimu watarajiwa nina jina jingine: Bhavina Patel, wa kijiji cha Sundhiya, Gujarat. Alipata polio akiwa mtoto mchanga. Alikwenda Ahmedabad, kwenye chama cha watu wasioona, kujifunza kompyuta, si michezo. Akakuta watu wanacheza mpira wa meza, akajiunga. Agosti 2021, kwenye Paralimpiki ya Tokyo, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alimtoa bingwa mtetezi kutoka Serbia, akamtoa Mchina nusu fainali, akafungwa fainali na Mchina mwingine, Zhou Ying. Fedha hiyo ni medali ya kwanza ya India kwenye mchezo huu, ukichanganya Olimpiki na Paralimpiki. Tunafundishwa elimu jumuishi muhula mzima, tunajaza vijitabu vya mtihani. Ukiuliza mchezo gani shuleni mtoto asiyetembea anaweza kucheza na mwenzake anayetembea, kwenye uwanja ule ule, kwa mpira ule ule, watu wanaangalia dari. Huu hapa.

Sitaki mfikiri kule mambo ni asali tupu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Delhi iliusimamisha uongozi wa shirikisho lao na kuweka kamati ya muda, baada ya Manika kulalamika kwamba alishinikizwa kuachia mechi. Na kwa wasomi wenzangu kuna habari ya Archana Kamath. Paris 2024, timu zote mbili za India, wanaume na wanawake, zilifuzu Olimpiki kwa mara ya kwanza. Manika na Sreeja wakafika 16 bora, jambo ambalo Mhindi hakuwahi kulifanya. Timu ya wanawake ikafika robo fainali ikafungwa na Ujerumani, na mchezo pekee walioshinda siku ile aliushinda Archana. Ungetegemea azidishe mazoezi. Wiki chache baadaye ikatangazwa kwamba anaacha na kwenda Marekani kusoma. Alikuwa na miaka 24. Wapo waliomlaumu, mimi simlaumu hata kidogo. Sathiyan alimaliza shahada yake ya uhandisi huku akicheza, Manika aliacha chuo baada ya mwaka mmoja ili acheze, Archana akaacha raketi ili asome. Kila mmoja alipiga hesabu zake. Ila angalia: wote watatu walikuwa na kitu cha kuchagua.

Na Afrika je? Quadri Aruna niliyemtaja juu alifika robo fainali ya mashindano ya dunia kule Houston mwaka 2021, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka uliofuata akaingia kumi bora duniani. Omar Assar wa Misri amefika robo fainali ya Olimpiki Tokyo na Paris. Lagos wanaandaa mashindano ya kimataifa kila mara. Ni pale pale Lagos, Juni 2024, ambapo Sreeja Akula alishinda taji lake kubwa la kwanza la kimataifa. Yaani Mhindi amekuja Afrika kupanda daraja. Sisi tuna chama cha taifa, TTTA, na mpira wa meza umo kwenye UMISSETA, na Mtwara hii hii iliwahi kupokea UMISSETA ya taifa mwaka 2021. Wanafunzi wa mikoa yote walicheza hapa. Kwa hiyo hatuanzi sifuri, jamani.

Sasa nirudi kule shuleni, Ghuba ya Mnazi. Nilikwenda BTP wakati wa kusi. Ni msimu wa kupulizia salfa mikorosho, na upepo ukianza asubuhi kati hausimami hadi jua linazama. Wavulana walikuwa na mpira wa miguu. Wasichana wachache walikuwa na netiboli. Waliobaki, na ni wengi, walikaa chini ya mwembe kuwaangalia wenzao. Nikamwendea mkuu wa shule, nikamwamkia, nikamwambia, "Mzee, naomba ruhusa ya kutengeneza meza." Akacheka. "Mwalimu wangu, madawati yenyewe hayatoshi." Nikamwambia sitagusa hela ya shule. Akasema, "Fanya, lakini isije kuwa kuni baada ya wewe kuondoka."

Kwa atakayetaka kujaribu, hesabu iko hivi. Meza halali ina urefu wa mita 2.74, upana mita 1.525, na kimo sentimita 76. Plaiwudi ya dukani ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Ukikata mbili kwa upana wa mita 1.525 na kuziunganisha, unapata mita 2.44. Zinakosekana sentimita 30. Fundi alipendekeza tuziunge kwa vipande, lakini kiungo kikiwa kibaya mpira unakufa pale pale. Tukaamua meza iwe fupi. Chukua plaiwudi nene, ya milimita 18 ikipatikana, nyembamba inabonyea. Kipimo cha kujua kama meza inafaa ni rahisi na hakihitaji mtaalamu: achia mpira kutoka sentimita 30 juu ya meza, unatakiwa uruke hadi kama sentimita 23. Pima katikati, pima pembeni, pima kwenye kiungo. Wanafunzi wa kidato cha pili walifanya kazi hiyo kwa rula, wakachora jedwali, na mwalimu wao wa fizikia akaniomba karatasi zile.

Chini tuliweka madawati. Wavu ulikuwa kipande cha nyavu chakavu tulichopewa na wavuvi, kimo sentimita 15 na robo. Mabaki ya plaiwudi yakawa raketi, tukagundisha raba za ndala kuukuu. Ndala haizungushi mpira hata ufanyeje, ila inatosha kufundisha macho na miguu. Mipira ndiyo niliyonunua kwa hela ya bumu.

Tatizo likawa upepo. Mpira una gramu 2.7. Ukiurusha kusi linakuja kuuchukua kama karatasi. Tukajaribu nyuma ya darasa, ikashindikana. Mwisho tukahamia ndani ya darasa baada ya vipindi, madawati tunasukuma ukutani, na wengine wakawa wanakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo haujaamka. Wasichana wawili wa kidato cha tatu wakawa hawashikiki. Mmoja alikuwa anaupiga mpira kutoka upande wa nje wa mkono kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Niliwaonyesha kwenye simu mechi ya Ayhika na Sun Yingsha. Mmoja akaniuliza, "Ticha, huyo aliyeshinda kwao ni mjini?" Nikamwambia ni mji mdogo, kando ya mto. Akasema, "Kama sisi na Ruvuma."

Siku moja mama wa huyo binti akaja shuleni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. "Mwalimu, mwanangu siku hizi anachelewa kurudi, maji hachoti. Huo mchezo utampa nini?" Hakuuliza kwa hasira. Nilimweleza habari ya UMISSETA, ya afya, ya nidhamu, yale tunayoandika kwenye mtihani. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza tena, taratibu, "Nimekusikia, mwanangu. Lakini utampa nini?" Kule Chennai mwalimu angemwonyesha mtu wa Indian Oil. Mimi nilikuwa na meza fupi na ndala. Tukakubaliana binti acheze siku tatu kwa wiki na siku nyingine awahi nyumbani.

Swali la mama yule ndilo naliweka mbele ya bunge letu la wanafunzi, maana Mtwara si maskini wa taasisi. Ina bandari yenye kina. Ina gesi inayochimbwa ufukweni kule kule nilikofundishia. Makao ya Bodi ya Korosho yako hapa mjini. Sisemi wakaajiri wachezaji kesho. Nasema hakuna shirika litakaloajiri mchezaji ambaye hayupo, na mchezaji hatakuwepo kama hata chuo kinachofundisha walimu kinatoa meza zake nje.

Wenye hoja ya puli wana jambo lao, nisiwafiche. Meza mbili zile wanacheza watu wale wale sita, wavu umekatika, na raketi zinafungiwa ofisini kwa waziri wa michezo ambaye hapatikani. Kwa hali hiyo hata mimi ningeona nafasi inapotea. Lakini dawa yake ni wavu mpya, raketi nane, na orodha ukutani ya nani anacheza saa ngapi. Puli iwekwe kantini, nafasi ipo. Na kabla ya kwenda BTP, kila mwanafunzi wa ualimu anayetaka apewe jioni kumi za kujifunza kuanzisha mpira, kuhesabu pointi hadi 11, na kutengeneza meza. Sihitaji kuwaambia kwamba kwenye kozi ya miaka mitatu jioni kumi zinapatikana.

Meza ya kule shuleni bado haijawa kuni. Mkuu alinipigia mwezi uliopita. Ufunguo wa darasa anao binti yule wa mkono wa nje, sasa yuko kidato cha nne, na anawafundisha wa kidato cha kwanza. Mipira imebaki mmoja, nao una ufa. Atakayepangiwa upande wa Msimbati au Madimba mwaka huu anitafute hosteli, nina vipimo vyote vya meza kwenye daftari. Mipira tuchange.